Ubeti Uliofutwa kwa Kalamu Nyekundu

Enzi zetu, kule jirani na Kalenga, mgeni wa serikali hakukanyaga shuleni bila kupokewa kwa ngonjera. Wiki mbili hatusomi, tunakariri tu! Baridi ya asubuhi inagonganisha meno, viatu hatuna, lakini sare zimenyooshwa kwa pasi ya mkaa na miguu inang'aa mafuta ya kupikia. Watoto wa siku hizi kipupwe kidogo tu, soksi mpaka kitandani.

Nikiwa darasa la sita, diwani alikuwa anakuja. Mwalimu Kidava, aliyetufundisha Kiswahili, alitutaka kila mmoja atunge ubeti, yeye achague. Wangu ukapita:

Bomba mlilozindua, mbona latoa upepo,
Ndoo tumezichukua, mtoni tungali tupo.

Mwalimu mkuu alipousoma, aliufuta kwa kalamu nyekundu. Mwalimu Kidava akatuagiza tuuruke, nasi tukakubali. Ila ngonjera tulishaikariri kwa kuitikiana na kupiga mguu chini, na mguu ukishazoea umezoea. Siku yenyewe, ubeti wa pili ulipoisha, nikajikuta nimesogea mbele natamka ule uliofutwa, na darasa zima likaitikia. Akina mama waliokaa kwenye nyasi wakapiga vigelegele. Nakiri, nilijiona mkubwa.

Diwani hakupiga makofi. Aliuliza nani kaandika maneno yale. Mama yangu alinikazia macho kutoka kule kwenye nyasi. Nyumbani wimbo wake ulikuwa mmoja, mdomo huponza kichwa. Nikatazama chini. Mwalimu Kidava akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Ni mimi, mheshimiwa," akasema.

Muhula haujaisha, akahamishiwa shule ya mbali huko milimani. Hatukumwona tena, na bomba liliendelea kutoa upepo.

Sasa naishi Mbeya, nauza vitenge Mwanjelwa. Mabinti wangu wa dukani kutwa wanawasema viongozi kwenye simu, kwa mashairi makali kweli, jamani, wanajua kutunga! Lakini chini yake jina la bandia na picha ya simba, na ikifika jioni wameshafuta. Huwa nawacheka sana. Nawaambia enzi zetu mtu alisema amesimama, uso wake unaonekana.

Juzi mmoja akaniuliza, "Na wewe mama, ulisimama?"

Nikamwambia hapana, alisimama mwalimu. Ubeti ulikuwa wangu, nami nikamwacha aubebe peke yake.