Mashine ya Sakafu ya Saburi

Misugusugu nzima, miaka ile ya Mwingereza, ilikuwa na nyumba moja tu ya sakafu ya saruji, na Saburi mwenye nyumba hakukubali mtu asahau. Ukipita barabarani unakwenda zako Mlandizi, atakuita. Ukifika mlangoni atakwambia uvue viatu, hata kama hukuvaa. Kisha atakuonyesha ile sakafu nyekundu aliyoimwaga kwa mikono yake, chumba cha mbele chote mpaka kizingitini, na atasimama kando akingoja uisifu. Usipoisifu ataisifu mwenyewe.

Msimcheke lakini. Saburi alisugua sakafu za Wazungu Dar es Salaam miaka ishirini na miwili, kwa magoti, mpaka goti la kushoto likavimba na likakataa kukunjika. Mtu aliyeng'arisha ya wenzake umri wote huo, siku akipata ya kwake mwacheni aringe kidogo.

Taabu ni kwamba Saburi alikuwa akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, na sakafu ilitaka kusuguliwa kila wiki. Kazi hiyo ikamwangukia mkewe, Mwanamvua, mtu wa Marui kule Kisarawe. Mwanamvua alikulia kwenye nyumba ya udongo, ambayo unainyunyizia maji, unapitisha fagio la chelewa, umemaliza, unakwenda shamba. Hii ya saruji ilikuwa na makuu yake. Uipige deki, uipake polishi nyekundu ya kopo, kisha upige magoti na nusu ya kumbi la nazi mkononi, usugue mpaka ujione uso. Mwaka haujaisha magoti yakaanza kumuuma. Ikafika mahali akawa anaswali amekaa kitako, mwanamke wa miaka arobaini tu, na jambo hilo lilimuumiza roho kuliko magoti yenyewe. Mwezi mmoja Saburi alipokuwa anarudi kazini alimwambia neno moja tu, kwamba huko kwa Wazungu amtafutie kitu cha kusugulia sakafu akiwa amesimama.

Mungu si Athumani, mwaka huohuo memsahibu wake Saburi alikuwa anarudi kwao Ulaya moja kwa moja. Akamwita Saburi stoo, akamwonyesha mashine mbili za sakafu, akamwambia achague moja iwe zawadi yake ya kuagana. Ya kwanza ilikuwa ya zamani, brashi pana yenye chuma kizito juu yake na mpini mrefu. Unasimama, unaisukuma, unaivuta, basi. Ya pili ilikuwa ya umeme.

Sasa hapo ndipo ninapotaka kumshika Saburi masikio. Alijua vizuri kwamba Misugusugu hakuna nguzo hata moja ya umeme. Alijua mkewe amemwagiza nini. Lakini ile ya umeme, kwa miaka sita, katika nyumba ile hakuna mtumishi aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye. Wageni wakija memsahibu alimwita aiwashe, ingurume, wageni watazame. Huo ndio uliokuwa ukubwa wake duniani. Tena alisikia watu wakisema nguzo zitapandishwa barabara ya Morogoro, leo au kesho. Akaishika ya umeme. Mpishi akachukua ile ya mpini na kuondoka nayo mbio, asije mtu akageuza nia.

Saburi alipofika nyumbani nayo, ameibeba juu ya lori kutoka mjini kama bibi harusi, Mwanamvua aliizunguka mara mbili. Akaushika waya, akaufuata kwa mkono pima baada ya pima mpaka mwisho.

"Hii ncha yake inachomekwa wapi?" akauliza.

Saburi akaanza habari za nguzo na barabara ya Morogoro. Mwanamvua alimsikiliza mpaka akamaliza, akaifunika mashine kwa khanga kuukuu, akaenda kutafuta kumbi lake la nazi. Angegomba ingekuwa nafuu. Saburi alishinda siku ile anatafuta kazi za nje zisizokuwapo.

Mwanamvua alikuwa na kaka yake mkubwa kule Marui, Mwinyimadi, fundi wa vinu na vitanda vya kamba. Miaka kumi na minane Mwinyimadi hajatia mguu katika nyumba ya Saburi. Wakati wa posa alisema dada yake haolewi na boi anayefua nguo za ndani za watu. Baba yao alipokubali, yeye akajitoa, akaapa hatakanyaga kwa Saburi. Harusini hakuja. Mwanamvua alipomzika mwanawe wa pili, kaka alituma salamu tu. Basi mwaka ule, baada ya Saburi kuacha kazi, kukawa na maulidi nyumbani, na mtu wa lori akaleta ujumbe kwamba Mwinyimadi atafika. Mwanamvua aliupokea ujumbe ule amesimama mlangoni na akalia hapohapo, mbele ya mtu wa lori. Sherehe haikumshughulisha sana. Alichotaka ni kaka yake aingie, akae, ale, aone kwamba aliolewa na mtu.

Saburi naye alitaka aone, lakini alichotaka kionekane ni sakafu.

Asubuhi ya maulidi akafungua kopo jipya la polishi akaipaka nene. Kupiga magoti hakuweza, kwa hiyo akalikanyaga kumbi kwa mguu mzima akawa anasugua amesimama, anayumba, ameshikilia ukuta. Polishi haitaki haraka. Unaisugua mpaka kitambaa cheupe kikipita kitoke cheupe, na hapa Pwani hakuna aliyelijua hilo kumzidi Saburi. Lakini mguu ulichoka, Mwanamvua yuko jikoni na masufuria ya pilau, jua linapanda. Akajiambia itakauka yenyewe. Mkewe akamwambia atandike mikeka chumba kizima. Akakataa katakata, sakafu kama ile uifunike mikeka, si bora angebaki na udongo? Akatandika mikeka kandokando ya kuta tu, katikati akapaacha wazi pang'ae.

Mwinyimadi alifika baada ya sala ya alasiri, amevaa kanzu mpya nyeupe, inanukia udi. Mwanamvua alimpokea kwa shikamoo. Watu walikuwa wamekwisha kaa ukutani. Saburi, kwa kumheshimu, akamshika mkono shemeji yake, akampeleka mpaka katikati, mbele ya watu wote, akamkalisha juu ya sakafu yenyewe.

Maulidi yakasomwa. Ilipofika mahali pa kusimama, watu wote wakainuka na Mwinyimadi akainuka. Waliokuwa nyuma yake wakaona. Kanzu ile nyeupe, kuanzia kiunoni kushuka, ilikuwa nyekundu, duara mbili kubwa zilizokolea. Mmoja akakohoa. Mwingine akashika mdomo. Waliobaki wakakaza macho darini na kuzidisha sauti ya kumsalia Mtume. Saburi alikuwa mlangoni na chupa ya marashi. Alipoona, alibaki kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Mwanamvua alichungulia kutoka uani, naye akaona.

Mwinyimadi alijua wakati wa pilau, alipopitisha mkono nyuma na kuutazama. Alikula tonge tatu, akanawa, akauliza lori la kurudi Kisarawe linapita saa ngapi. Saburi alitamani sakafu ipasuke immeze. Mwanamvua akaja mbele ya kaka yake akamwambia lori lipo, lakini kwa kanzu hiyo watu wa Kisarawe wote watamuuliza amekalia nini. Aivue, dada yake aifue, kesho itakuwa imekauka. Mwinyimadi alifikiri. Alikuwa mtu wa fahari zake na yeye. Akaivua, akapewa msuli wa Saburi, na kwa hivyo yule aliyeapa kutokanyaga nyumba ile akalala humo, ndani ya nguo ya mwenye nyumba.

Asubuhi alipotoka chumbani alimkuta dada yake amepiga magoti katikati ya chumba anaikwangua ile polishi mbichi, asije mwingine akaharibikiwa. Kila akisogea alisogea kwa kuegemea kiganja, kwanza goti moja, anapumzika, halafu la pili. Mwinyimadi alisimama akamtazama muda mrefu. Saburi alikuwa amekaa kizingitini, hana pa kuuweka uso.

"Na ile pale iliyofunikwa ni nini?" Mwinyimadi akauliza.

Saburi akaifunua. Akaeleza ni mashine ya sakafu, inasugua yenyewe, unaishika tu. Mwinyimadi akaushika waya, akaufuata mpaka ncha, sawasawa na dada yake. Akauliza huo umeme utafika lini.

Jibu la barabara ya Morogoro lilikuwa tayari mdomoni. Saburi alimwangalia mkewe pale chini.

"Sijui, shemeji," akasema. "Kulikuwa na nyingine ya kusukuma kwa mkono. Ndiyo aliyoniagiza dada yako. Mimi nikachukua hii kwa kujiona."

Wengi wangeokota hapo la kusema, na Mwinyimadi alikuwa na miaka kumi na minane ya maneno kifuani. Lakini alichouliza ni hiyo ya mkono ilikuwaje, uzito wake, upana wake, mpini umekaa vipi. Saburi akamchorea kwa mkaa palepale juu ya sakafu yake tukufu. Fundi akatazama, akauliza kama uani kuna gogo la mkwaju.

Siku ile hakupanda lori, wala ya pili yake. Alichonga kipande cha mkwaju upana wa sinia, kizito kama kinu. Saburi alikata makumbi ya nazi, akayapanga chini yake wakayapigilia misumari. Ikabaki mpini. Saburi akaenda mwenyewe kuleta bisibisi, akaifungua mashine ya memsahibu, akang'oa ule mpini wake wa chuma unaong'aa, akampa shemeji yake. Hakuna aliyemwomba.

Mpini ulipokazwa, Mwanamvua akaishika mashine ile mpya akiwa amesimama. Akaisukuma mpaka mlangoni, akaivuta. Akapitisha mara ya pili, mara ya tatu, na sakafu ikaanza kung'aa chini ya miguu yake. Hapo akacheka, kicheko ambacho kaka yake hakukisikia tangu wakiwa wadogo Marui. Mwinyimadi alijifanya anatafuta msumari ulioanguka.

"Dada yangu magoti yake ni ya kusujudia," alisema alipoinuka. "Umesikia, mlamu?"

Saburi alisikia. Alisikia na lile neno mlamu pia, maana shemeji hajawahi kuitwa na mtu yule.

Miezi miwili haikupita Mwanamvua akaanza kusujudu tena, kwa kujivuta mwanzoni, baadaye kama watu wengine. Mashine ilikuwa na kasoro moja tu: makumbi yalilika, kila mwezi yakawa yamekwisha. Basi kila mwezi Mwinyimadi alipanda lori kutoka Kisarawe na nyundo yake, akabadilisha makumbi, akala, akalala, akaondoka asubuhi.

Saburi alikuwa na nyundo. Misumari alikuwa nayo, na minazi mitatu uani, na kazi yenyewe haichukui hata nusu saa. Lakini mwezi ambao shemeji yake amechelewa, utamkuta anaisukuma mashine yenye makumbi yaliyokwisha, mti mtupu unakwaruza saruji yake aipendayo, na ukimuuliza kwa nini hapigilii mapya atakwambia hiyo ni kazi ya fundi, na fundi yuko njiani.