Ndizi Zisizo na Riba

Upande ule wa Kishanda nyumba ya Waislamu ilikuwa yetu tu. Majirani wote walikwenda kanisani, na sikukuu zao zilipofika walituletea kuku akiwa hai ili tumchinje wenyewe. Mama alipofariki, baba alibaki na kibanja chake cha migomba na mimi, mtoto wa pekee, ambaye tayari nilikuwa karani wa benki mjini Bukoba. Kazi yangu ilikuwa kupiga hesabu za riba, ya waliokopa na ya walioweka akiba.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, ningepata la kujibu. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba dhambi ya riba ni ya anayeila, ya anayeilipa na ya anayeiandika. "Na wewe ndiye mwandishi," akamalizia.

Tangu siku hiyo hakugusa kitu kilichotoka kwenye mshahara wangu. Sukari niliyompelekea ilikaa kabatini mpaka ikaganda. Kanzu alimpa jirani yetu mmoja, Mkatoliki, ambaye aliivaa akipalilia migomba. Mimi nilipokelewa vizuri, nikapewa kahawa ya kutafuna, nikapikiwa, nikatandikiwa kitanda. Iliniuma kuliko kufukuzwa. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni wa miaka kwa baba yangu mzazi, na jembe sikupewa.

Benki zilipofanywa mali ya umma nilipanda basi mbio, nimejaa furaha ya kijinga.

"Tata," nilimwambia baba, "benki si ya wakubwa wa ng'ambo tena. Ni yetu sote."

"Kwa hiyo sasa riba tunaila sote," alijibu, akanisogezea kikapu cha kahawa.

Kuacha kazi niliwaza, sikatai. Lakini niliipenda. Nilipenda utulivu wa ofisi, tarakimu zikikubaliana jioni. Jioni hizohizo nilirudi chumbani kwangu, mtaa wa Hamugembe, nikapika, nikala nikitazama ukuta. Msikitini waliniitikia salamu vizuri, ila hakuna aliyewahi kuja kula kwangu, nami sikuthubutu kuuliza sababu.

Safari moja, siku ya kuondoka, nilimwomba baba jembe. Lile la zamani, la mpini uliopinda. Nikaomba na mche wa mgomba kutoka kibanjani kwake. Alinitazama, akaenda kuuchimbua mwenyewe. Mwenye nyumba wangu wa Hamugembe, mama mmoja Mlutheri, alinipa kona nyuma ya jiko bila malipo. Nikalima kila nilipotoka kazini. Majirani walicheka, karani na tai yake anatia samadi.

Mgomba ulipozaa na ndizi kukomaa, habari ilikuwa imekwisha kufika kwamba baba ni mgonjwa. Niliomba ruhusa kazini, nikafunga vichane viwili kwa majani makavu ya mgomba, nikaondoka. Nilimkuta kitandani, amekonda, macho bado makali.

"Ardhi?" aliuliza, kabla hata ya kunijulia hali.

"Nimepewa, Tata. Sikulipa."

"Jembe?"

"Lako."

"Mche je?"

"Wako pia. Uliuchimbua mwenyewe."

Nikadhani maswali yamekwisha. Kisha akasema, kama anayesikitika kulazimika kuuliza, "Na nauli ya basi?"

Nilikuwa nimelitarajia swali hilo tangu Bukoba. "Sikupanda basi. Nimetembea. Nililala msikitini njiani."

Alishusha macho akaangalia miguu yangu. Ilikuwa imevimba, imejaa vumbi mpaka magotini. Aliitazama muda mrefu. "Mwana wange," alisema, "washa moto."

Nilipika. Baba alikula kidogo, maana hakuwa na nguvu, lakini alikula, na alipochoka aliniomba nimlishe kwa mkono wangu. Sijapata kufurahi vile, kabla wala baadaye.

Alifariki kabla ya masika. Mimi nilirudi benki, nikaendelea kuandika riba mpaka nilipostaafu. Mwaka ule aliofariki, chipukizi la mgomba wangu lilizaa mkungu mkubwa kuliko wa kwanza. Niliukata jioni moja nilipotoka kazini, nikauweka mlangoni. Sikuwa na pa kuupeleka. Nikamenya chache, nikapika, nikala nikitazama ukuta.