Kambambili za Waliokuja Kutoa Pole

Mwezi wa tano mwaka 1996, mume wangu aliuawa kwenye barabara ya kutoka Gitega kwenda Muyinga, pamoja na wote waliokuwa ndani ya lori. Alikuwa amebeba vitenge vya kuuza. Tulimzika kwao Muyinga, nami nikabaki hapo kwa mama mkwe kukaa eda. Mjane hatoki, hajipambi, wala hasikiki akicheka. Nilipewa chumba kimoja na binti yetu wa miaka minne.

Binti yetu alikuwa hasemi. Ukimwita, hageuki. Jina la hali yake nilikuja kulisikia redioni miaka mingi baadaye. Wakati ule watu walisema ni kiziwi, na wengine walisema mabaya zaidi. Wanawake walipokuja kutoa pole wakavua kambambili mlangoni, yeye alizikusanya zote akazipanga mstari mmoja mpaka ukutani. Nilimvuta, nikamziba mdomo akilia, huku nikiwaomba wageni radhi. Aliyeniuliza ana nini, nilimwambia ana homa.

Jirani mmoja alikuwa muuguzi, amewahi kufanya kazi kwa masista waliotunza watoto wenye ulemavu. Alikaa akimtazama mtoto, kisha akanisogelea.

"Dada, we unataka aje kwako. Nenda kwake kwanza. Kaa chini. Akipanga, na we panga. Usimwite, usimvute. Weka moja, halafu ngoja."

"Nicheze? Na eda hii?"

"Eda inakukataza kutoka. Sakafu iko ndani."

Nilianza, ila mlango nikaufunga. Tulitumia kambambili zangu, za mama mkwe, na viatu vya marehemu ambavyo vilikuwa bado havijatolewa sadaka. Mwanzoni aliusukuma mkono wangu. Baadaye aliniachia mwisho wa mstari. Kisha ikawa nikichelewa kuweka, anautazama mkono wangu. Uso hakuutazama, mkono tu. Siku hiyo nilicheka, na wifi yangu akanisikia kutoka uani.

"Mama! Njoo usikie, mjane wako anacheka!"

Tangu hapo nikisikia hatua, niliruka kutoka sakafuni, nikakaa mkekani na kushika tasbihi, midomo ikicheza kama ninayemtaja Mungu. Nilikuwa simtaji. Nilikuwa nasikiliza mlango.

Alasiri moja wanawake wa mtaa waliingia na mama mkwe bila kubisha. Niliwahi mkekani. Binti yangu alitoka, akarudi amekumbatia kambambili zao, akazipanga katikati ya chumba. Nilijifanya sioni. Ndipo akaja mbele yangu, akaitoa tasbihi vidoleni mwangu, akaniwekea kambambili moja mkononi. Akanitazama usoni. Hakuwahi kunitazama hivyo tangu nimzae.

"Yooo, bambi," mmoja alinong'ona. "Msiba umeingia kichwani kwa mama na mtoto."

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema taratibu, "mrudishie mgeni kiatu chake."

Niliogopa kwamba nikikirudisha, mtoto hatakuja kwangu tena. Uso uliniwaka. Nilishuka chini mbele yao wote, nikaiweka ile kambambili kwenye mstari. Mtoto akaniletea nyingine.

"Wifi," dada wa marehemu alisema, "ukimaliza hizo, zangu ziko jikoni!"

Walicheka, hata mama mkwe, ingawa alijifunika mdomo kwa kitambaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuinuka, lakini sikuthubutu kumwangalia yeyote. Niliangalia miguu yao mitupu.

Jioni ilikuwa inakaribia, na kuvrefe nayo, saa ya marufuku ya kutoka nje. Hakuna aliyetaka kukutana na askari njiani baada ya saa hiyo. Kila mmoja aliinama akachomoa zake kwenye mstari. Mtoto alijitupa chini akipiga mayowe. Wageni walimuaga mama mkwe, mimi hawakuniaga. Mama mkwe aliwasindikiza, akauvuta mlango nyuma yake.

Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akatambaa chini ya kitanda, akatoka na kambambili zangu. Moja aliiweka sakafuni. Nyingine akaninyooshea.

Niliipokea. Lakini kwanza niligeuka kuangalia kama mlango umefungwa vizuri.