Mama Mkubwa Evarista Alivyotolewa Jikoni Kwake

Mama mkubwa Evarista alianza kuuza nyanya Ilula, kando ya barabara kuu, kabla mimi sijazaliwa. Basi likipunguza mwendo tu, yeye ndoo kichwani, mbio. Alikuwa mnene, mnene hasa, na bado aliwahi dirishani kabla ya wasichana wembamba. Abiria walimtania kwamba nyanya anazila mwenyewe. Aliwajibu wanunue kwanza, ndipo wacheke.

Sasa niko kidato cha tatu, Mbeya, na kila ninapopita pale kurudi shule namtafuta kwa macho. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni likizo ya mwezi wa sita, nikiwa darasa la sita.

Mwaka ule kliniki walimwambia presha imepanda, apunguze chakula, aongeze mwendo. Mama yangu, Benedicta, mdogo wake wa baba mmoja mama mmoja, akanichukua tukaenda kukaa naye. Mama ni mwembamba, hata ale vipi. Wakakubaliana kula sahani moja na kufanya kazi moja: kupanda kilima alfajiri, kisha kukimbilia mabasi. Kila Jumamosi walisimama kwenye mizani ya magunia ya Mzee Vitus, mnunuzi wa mahindi, naye akatangaza kilo zao mpaka wapagazi wakasikia.

Baada ya Jumamosi nne, mama alikuwa anabana sketi kwa pini. Kilo nne zimekwenda. Mama mkubwa, nusu kilo.

Mama akaamua kwamba dada yake anaonja anapopika. Akamtoa jikoni.

Sijui kwenu, ila kwetu mwanamke mwenye nyumba yake hatolewi jikoni. Hata mgeni huomba ruhusa kufunua sufuria. Mama mkubwa akawa anakaa uani, anasikia mtu mwingine akisonga ugali kwa mwiko wake. Majirani walimsalimia "kamwene", kisha wakatupa jicho kwenye mlango wa jiko. Mimi nilipewa kazi ya kumchunga. Siku sita sikumwona akitia kitu mdomoni nje ya sahani, hata nyanya iliyopasuka. Nilipomwambia mama, akasema nimehongwa.

Siku ya saba mama mkubwa aliniambia, taratibu tu, "Kupungua sitaki tena. Nataka mdogo wangu aniamini."

Tulipomrudisha kliniki, nesi Faustina alimpima mara mbili, akatabasamu. Presha ilikuwa imeshuka vizuri. Mama akadakia kwamba mwili haujashuka, maana huyu anakula kwa siri. Nesi akauliza kama kwao kuna mwingine mwenye umbo hilo. Mama akamtaja bibi yao mzaa baba, aliyelima mpaka uzeeni na bado akajaa mlango.

Nesi akatueleza kwamba watoto wa tumbo moja hawarithi sawasawa. Mwili mmoja unachoma haraka, mwingine unaweka akiba. Wawili wakikimbia njia ileile, mmoja anakonda, mwingine anapungua kidogo sana, lakini moyo wake nao unafaidika. Chakula na mazoezi vina kazi yake, alisema, ila kila mtu anaanzia pake. Mwaka huu mwalimu wa baiolojia alipofundisha jeni, aisee, niliandika pembeni mwa daftari: Evarista.

Tulipofika nyumbani, mama mkubwa akaelekea uani kama alivyozoeshwa.

"Dada, ingia jikoni," mama akasema.

"Nikaonje?"

"Nilikusingizia. Nisamehe, dada yangu."

Mama mkubwa aliingia, akarudisha sufuria moja moja mahali pake, bila haraka. Kisha akafunua mboga aliyopika mama asubuhi, akachota kwa mwiko, akageuka ili sote tumwone, akaonja.

"Chumvi imezidi," akasema, na mama akaanza kucheka huku analia.