Kichuguu cha Mama Ngalula

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa bibi harusi mpya hapa pembeni mwa Panda, mjini Likasi. Nilikuwa nimefagia ua hadi unang'aa, majani yote nimeyalundika pembeni, nimeyawasha moto. Ndipo mama mkwe wangu, Mama Ngalula, akaingia kutoka Buluo alikokuwa akikaa kwa binti yake. Hata salamu hakutoa. Akatua mzigo, akaukanyaga ule moto kwa sandali zake mpya mpaka ukazimika.

"Weye mutoto, unachoma nini?"

"Takataka, mama."

"Takataka? Ile njo chakula ya udongo! Kesho utachoma na bukari yetu ya kula?"

Nilinuna, sikufichi. Hapa kwetu bibi harusi anatazamwa kwa ua wake. Jirani akiona jani limelala chini mpaka jua linapanda, utasikia tu watakavyokusema kisimani. Nikawaza, huyu mama amekuja kuniaibisha. Lakini alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye bustani yangu, akachota udongo kiganjani. Ulikuwa mwekundu, mgumu, ukimwagia maji yanateleza juu yake na kukimbia. Mboga zangu za lengalenga zilikuwa zimesimama humo njano, nyembamba, kama zinaomba ruhusa ya kufa. Akaufinya ule udongo, akaunusa, akasema, "Hii udongo iko na njaa kuliko siye."

Na sisi njaa tulikuwa nayo kweli. Mume wangu, Kabeya, alikuwa amekosa kazi, na rafiki zake wa utotoni walikuwa wamekwenda Kakanda kuchimba shaba. Naye alishanunua koleo jipya, limesimama nyuma ya mlango. Nilikuwa naliogopa, maana yale mashimo huporomoka, na nilishasikia vilio vya wake za waliofukiwa. Akamwambia mama yake waziwazi: bustani isipotulisha mvua zikianza, miye naenda.

Mama Ngalula hakulia, wala hakuomba. Alikwenda kusimama mbele ya kichuguu chetu.

Unavijua vichuguu vyetu, mwanangu, vinavyopita urefu wa nyumba. Chetu kilikuwa ndicho mali yetu. Tulikuwa tunakaa katika kijumba cha udongo, na kile kichuguu tulikitunza ili tufyatue matofali ya udongo wake, tuyachome, tujenge nyumba ya kweli. Mchwa hupandisha udongo mzuri kutoka chini kabisa, laini, wenye nguvu, na mfyatua matofali yeyote wa Likasi atakuambia haupatikani kwingine. Basi mama akasema kitavunjwa, kitandazwe bustanini.

"Mama!" Kabeya alipiga kelele. "Ile njo nyumba yetu!"

"Nyumba? Mwenye nyumba akifia Kakanda, miye nitafanya nayo nini?"

Kabeya akachukua lile koleo nyuma ya mlango, akaanza kukivunja kichuguu.

Majirani walicheka, jamani, walicheka! Walisema mama wa watu amepatwa na kichaa, anatupa nyumba ya mwanawe kwenye mboga. Yeye alikuwa anawaamkia, kisha anawaomba mavi ya kuku wao. Alipita kwa wauza makala, yaani makaa ya kupikia, akizoa vumbi linalobaki chini ya magunia, akapita kwa wanaopika kinywaji cha munkoyo akiomba machicha ya mahindi. Sehemu moja tu hakugusa, kule wanakosafishia mawe ya shaba. Alisema udongo wa kule una sumu, usiingie kwenye chakula cha mtu. Mavi mabichi ya kuku hakuyaweka bustanini hata kidogo, maana yanaunguza mizizi. Aliyachanganya na majani, yale yale niliyokuwa nachoma, akamwagia maji, akafunika kwa magunia, na kila baada ya muda akatuamuru tugeuze. Aka, ile harufu ya mwanzoni! Lakini samadi ilipooza vizuri ikageuka nyeusi na kunukia kama msitu baada ya mvua. Hapo ndipo akaichanganya na udongo wa kichuguu na lile vumbi la makala, akalima vyote pamoja, akatandaza majani makavu juu.

Mimi nilikuwa namtazama tu na kumshangaa. Mwanamke mzima, mgongo unamuuma, anaimba!

Mvua zilipoanza, maji hayakukimbia tena, yaliingia. Lengalenga zikaja nene, majani mapana kama kiganja cha Kabeya. Tulikula, tukauza sokoni, na wale wale waliocheka wakaja na mabeseni kuomba udongo. Mama akawapa, akiwatania mpaka wakaona haya. Kabeya hakwenda Kakanda. Wawili kati ya rafiki zake hawakurudi.

Nyumba ya matofali ilichelewa sana kupatikana. Mpaka leo mume wangu, mzee mwenye mvi, akiona matofali ya jirani hunung'unika kwamba mama yake alizilisha mboga nyumba yake. Mimi namwacha anung'unike. Ananung'unika akiwa juu ya udongo, mwanangu, siyo chini yake.

Basi wewe uliyepewa kiwanja chenye udongo mwekundu, usiutukane, wala usiukimbie. Ulishe kwanza. Majani usiyachome, samadi uiache ioze, uwe na subira, na aliye mkubwa kwako akikuzimia moto usinune sana kama mimi. Mungu ampumzishe Mama Ngalula. Na wewe akujalie udongo mweusi na laini, na watu wako wote warudi nyumbani jioni, mikono michafu, mle pamoja.