Mlinzi Aliyekataa Kufa Nje ya Zamu

Damian Rugaibula hakuogopa wezi, giza wala nyoka. Kwa miaka kumi na minane alilinda kitalu cha miche ya kahawa cha kampuni moja karibu na Kamachumu, wilayani Muleba, na katika miaka yote hiyo kilichoibwa ni ndoo moja tu, tena ilirudishwa ikiwa imeoshwa. Alichokiogopa Damian ni kufa siku ya mapumziko.

Woga huo ulimwingia Damian baada ya Aroni kufariki. Aroni alikuwa mlinzi mwenzake wa zamu ya pili, mtu mwenye nguvu zake, na Jumapili moja baada ya misa alipanda juu ya paa la nyumba yake kugongelea bati, akateleza. Mjane wake, Celina, alifunga safari hadi ofisini kuulizia fidia. Wakampa kiti, wakampa pole, wakamweleza kwa upole kwamba paa lile halikuwa la kampuni, na Jumapili ile pia haikuwa ya kampuni. Celina akarudi nyumbani na pole yake. Damian ndiye aliyemsindikiza njia nzima. Alikuwa akihesabu siku zake mwenyewe za mapumziko, akaona ni nyingi mno kwa mtu mwenye presha.

Haukupita mwezi, wafanyakazi wakaitwa semina Bukoba mjini. Afisa aliyewafundisha, dada mmoja aitwaye Nuriat, alieleza kwamba fidia ya kifo inataka mambo mawili: kifo kiwe kimetokana na kazi, na kiwe kimemkuta mfanyakazi akiwa kazini. Kwa bahati mbaya, alipokuwa akitamka jambo la kwanza, kreti za soda zilikuwa zikiingizwa mlangoni, na Damian alikuwa akikadiria kama zitafika viti vya nyuma. Katika daftari lake likaingia jambo moja tu, kwa herufi kubwa: AKIWA KAZINI.

Hapo hapo akakata shauri. Kifo hakizuiliki, lakini mtu anaweza kukichagulia mahali.

Alianza na sare. Akaivaa kanisani, sokoni, msibani, na hata kwa jirani yake Buberwa alipokwenda kunywa rubisi, pombe ya ndizi, buti miguuni na rungu mkononi. Kwapani alibeba daftari la lindo, na kila alichofanya akakiandika humo kama doria. Usiku kabla ya kulala aliandika: "Mlinzi amefumba macho, masikio yako wazi." Meneja wake, Kyaruzi, aliwahi kusema kwa mzaha kwamba mlinzi mzuri yuko kazini saa ishirini na nne. Damian akamwomba aliandike neno hilo na kulitia sahihi. Kyaruzi akacheka mpaka machozi, na Damian akakihesabu kicheko kile kuwa ndiyo sahihi yenyewe.

Mkewe, Agnetha, alicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili akauliza, "Baba Edvina, hivi mimi nina mume au nina mlinzi?"

"Unadhani nafanya kwa ajili ya nani?" Damian akajibu, akaendelea kula matoke akiwa amesimama, kwa sababu mlinzi hakai.

Jambo ambalo hakulisema ni hili. Kibanja chao kilikuwa kimeingiwa na mnyauko, nusu ya migomba ilikuwa imekatwa, na kila alipolala alijiuliza Agnetha atakula nini siku atakapobaki peke yake. Mwanamume yule alikuwa mbishi na msumbufu, lakini alimpenda mkewe kweli.

Mwezi wa kumi na moja wa lindo hilo ikaja Jumamosi ya posa. Edvina, binti yao wa pekee, fundi cherehani, alikuwa amemsubiri Mugisha wa Ijuganyondo miaka minne, na ukoo wa kijana sasa ulikuwa umekubali kuja. Agnetha aliazima koti zuri, akalitundika nyuma ya mlango. "Leo ni baba tu," alimwambia mumewe. "Sitaki mlinzi hapa."

Damian akakubali, tena kwa moyo mmoja. Lakini alipofunga kifungo cha pili cha koti, moyo ukaanza kumdunda, kama unavyomdunda baba yeyote anayekaribia kumtoa binti yake. Yeye akajua ni presha imekuja kumchukua. Afe leo, siku ya mapumziko, ndani ya koti la watu? Agnetha naye apewe kiti na pole? Akavua koti, akapitia mlango wa nyuma, na wageni walipofika walimkuta amesimama penye njia ya kuingilia, sare kamili.

Mshenga alikuwa mzee Kahangwa, mwalimu mstaafu. Kama mgeni yeyote wa Buhaya, alitarajia kupokewa kwa akamwani, kahawa ya kutafuna, katika kikapu kidogo. Badala yake akapewa kalamu.

"Habari za kazi, mlinzi. Mwenye nyumba yupo?"

Damian akamfungulia daftari. Akisema "ni mimi", atakuwa ametoka kazini. "Yupo," akajibu. "Kwanza mjiandikishe."

Kahangwa akaandika jina, saa aliyofika, na kwenye madhumuni akaandika: kuposa. Nyuma yake shangazi wa Mugisha alikuwa amekwisha kununa. "Watu wanaoweka mlinzi mlangoni, mahari yao tutaiweza?" akanong'ona, ila kwa sauti ya kusikika na wote. "Turudi mapema, jamani waitu, kabla hatujaaibika." Wanawake wawili wakaanza kugeuka na vikapu vyao.

Edvina alikuwa dirishani. Akatoka mbio, pindo la gauni lake jipya likiwa mkononi. "Tata, baba yangu waitu, hao ni wageni wangu."

"Tata?" Kahangwa akamtazama Damian kuanzia kofia hadi buti. "Tumetoka Ijuganyondo kuja kuposa, na mwenye binti anajificha ndani ya sare?"

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. Damian akasimulia yote, kuanzia paa la Aroni hadi kreti za soda, na kwa ushahidi akafungua daftari. Kahangwa akavaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa.

"Nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi miaka tisa," akasema. "Umeandika nusu. Kifo kiwe kimetokana na kazi pia. Watauliza ni nini kilichokuua. Hawataangalia ulichovaa. Hapa kitalu kiko wapi?"

"Kilomita nne."

"Basi ulikuwa unamlinda nani?"

Damian akauliza, "Na nikifia kule kitaluni, kwa presha yangu hii?"

"Kama ni presha uliyotoka nayo nyumbani, mkeo huenda akapewa kiti na pole."

Damian akatazama buti zake. Miezi kumi na moja alikuwa amesimama kwenye harusi za watu. "Ninyi mnaweza kucheka," akasema. "Mimi kibanja changu kinakufa. Nitamwachia nini huyu mama?"

Agnetha alikuwa amefika, mwiko bado mkononi. "Kibanja nakijua, mimi ndiye niliyeikata ile migomba," akasema. "Miezi kumi na moja nakuwekea chakula, unakula umesimama kama unayesubiri basi. Mimi sijakuomba fidia, Baba Edvina. Nimekuomba ukae."

Hata shangazi wa Mugisha akatua kikapu.

"Mlinzi hapokei posa," Kahangwa akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imelainika. "Funga lindo lako, kisha uniitie baba wa binti."

Damian akatazama saa, akaandika polepole, kwa herufi nzuri kuliko zote za daftari lile: "Saa nane na dakika kumi mchana. Mlinzi ametoka kazini. Yuko hai."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti, kikapu cha kahawa mkononi, akawasalimu wageni wote upya kana kwamba hajawahi kuwaona. Agnetha akamsogezea kiti.

Akakaa.