Siku Niliyoliliwa Sokoni Nikiwa Mzima

Chekeni kwanza mmalize. Kicheko cha mji wetu wa Kasongo nimekizoea, ila sura ya mama mkwe wangu ya siku ile sijaizoea mpaka leo. Mama huyo wa kule Lusangi alikaa miaka akiniona mtu asiye na maana aliyemchukulia binti, na ndiyo kwanza tulikuwa tumepatana.

Komite yetu ya maafa ilipanga zoezi: soko limeshika moto, watu wakimbie, majeruhi abebwe kwa kipoyi, kile kitanda cha miti, mpaka kituo cha afya. Tukatangaza msikitini na kanisani. Lakini nani akubali kupakwa damu? Wote wanaogopa kujiitia mkosi, basi mimi prezida wa komite, mjuaji, nikajilaza mwenyewe, nikapakwa mawese kichwa kizima, mawese yakaita nzi (nzi wa soko la samaki mnawajua), wakaniingia mpaka puani, nikavuta kitenge nikajifunika uso. Kosa langu lote ni kitenge hicho.

Kwetu mtu akibebwa kafunikwa uso, hakuna anayeuliza tena. Mama mmoja kutoka kijijini, aliyekuja kuuza mihogo na hakusikia tangazo lolote, akapiga yowe, wengine wakampokea, nami chini ya kitenge nafurahi kwamba watu wanaigiza vizuri kuliko tulivyopanga (mjinga mimi!), huku watu wa taksi-moto wakivunja matawi, wakiyafunga mbele ya pikipiki na kuondoka wakipiga honi kupeleka msiba. Mmoja akashika njia ya Lusangi. Nilipoinuka kusema ni zoezi, soko likakimbia kweli, lakini lilinikimbia mimi. Nikapiga simu Lusangi, rezo, yaani mtandao, hakuna.

Kesho yake asubuhi nakula bugali na sombe ya majani ya mihogo, mara vilio mlangoni. Mama mkwe, vumbi mpaka nyusi, sauti imekauka. Akaniona na tonge mkononi. Akanipa mgongo, maana kwetu mkwe hasemezwi uso kwa uso, akamgeukia mke wangu.

"Mama, ilikuwa zoezi tu," mke wangu akamwambia.

"Zoezi ya kufa? Kwani kuko mutu hajue kufa? Mwambie bwana yako, miye nimemulilia toka Lusangi mpaka hapa. Machozi yake imeisha. Siku akikufa kweli, musinitumie mutu."

Akarudi bila hata kunywa maji.

Sasa zoezi likija navunjika mguu tu, uso wazi, nzi wanile watakavyo. Na nikishikwa na malaria namwomba Mungu anivumilie kidogo, maana wa kunililia ameshamaliza.